Kosa na Hitilafu

Yapo maneno mawili katika lugha yetu ambayo wengi tunayatumia kana kwamba ni neno moja, nami niliwahi kuyachanganya kwa gharama ya mtu mwingine. Maneno hayo ni kosa na hitilafu. Mashine ikigoma tunasema ina hitilafu. Mtu akiharibu kazi tunasema amefanya kosa. Hitilafu hutafutwa, kosa hushtakiwa. Taabu ni kwamba mtu na mashine huwa mahali pamoja, mkono wa mmoja umeshika mpini wa mwingine, na mwenye hasira haoni mpaka uko wapi.

Mwaka 2012 nilikuwa na karakana ndogo ubavuni mwa nyumba yangu, Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Nikisema karakana msomaji asifikirie jengo. Palikuwa na nguzo nne, mabati, meza ya chuma, na mashine ya kuchomelea iliyosukwa na fundi mmoja wa mjini. Tulitengeneza mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma, na mara chache matoroli. Aliyechomelea alikuwa kijana wa jirani yangu wa kihamba cha chini. Alikuwa amejifunza kazi hiyo mjini, Majengo, kwa miaka 2, akarudi nyumbani kwa sababu mama yake alikuwa peke yake.

Mashine ya namna hii haina siri kubwa. Ndani yake mna mabati membamba ya chuma laini yaliyobanwa yakawa bunda moja, na koili mbili zilizozungushwa hapo. Koili ya kwanza ina mizunguko mingi ya waya mwembamba, nayo hupokea umeme wa nyumbani wa volti 230. Ya pili ina mizunguko michache ya waya mnene, nayo hutoa volti kati ya 50 na 80 tu, lakini kwa ampea 100 na zaidi. Yaani mashine hupunguza msukumo na kuongeza wingi, na wingi huo ukiruka kutoka kwenye kijiti kwenda kwenye chuma huleta joto la kuyeyusha chuma, ambacho huhitaji nyuzi 1,500 hivi. Adui wa mashine ni joto lake yenyewe. Waya za koili zimepakwa varnishi ili zisigusane. Varnishi ikiungua, mizunguko hugusana na mambo yamekwisha. Ndiyo maana mashine ndogo, ikiwekwa kwenye nguvu ya juu, hutakiwa kufanya kazi dakika 2 au 3 katika kila dakika 10, na zilizobaki ipumzike.

Masika ya mwaka ule ikaanza kusumbua. Kijiti kiliganda kwenye chuma badala ya kuwaka. Mashine ilinguruma, balbu za nyumbani zikafifia hata mama watoto akatoka jikoni kuuliza kulikoni, kisha kijana akakibandua kijiti kwa nguvu na kuanza upya. Na pale kilipowaka, mshono ulikaa juu ya chuma kama kinyesi cha mbuzi. Haukuingia ndani. Ukiugonga kwa nyundo, unabanduka.

Nilitazama nini? Nilitazama mkono wake. Kila kijiti kilipoganda niliona kiwiko kinatetemeka, nikaona anakaribisha mno, nikaona anachelewa kuinua. Na kweli nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kuona, maana mkono wa mtu anayetazamwa hutetemeka. Kijana akalalamika kwamba mashine haina nguvu. Nikamjibu mbele ya watu waliokuja kuangalia kazi yao: "Mchagua jembe si mkulima." Wakacheka. Siku nyingine niliazima mita ya umeme, nikapima pale mashine inapochomekwa, ikasoma volti 226. Nikamwita aone kwa macho yake. Umeme upo, nikamwambia, fundi ndiye hayupo.

Ijumaa moja tulikuwa na geti la mteja ambaye nilimwahidi alichukue Jumamosi asubuhi. Kijana akapandisha mashine hadi namba ya juu kabisa, akafanya kazi mfululizo. Saa 10 jioni ikatoka harufu ya varnishi, kisha moshi. Nikamwambia aende. Mshahara wa miezi 2 aliokuwa akinidai sikumpa. Nikasema utakwenda kusuka koili. Hilo nalo halikunitosha. Kila aliyeniuliza habari za geti lake nilimjibu kuwa kijana ameiunguza mashine. Kijiji kikalipokea neno hilo kama nilivyolitoa, kwani nani alikuwa na sababu ya kulikataa?

Mashine ikashuka Moshi, ikasukwa upya, ikarudi baada ya wiki 3. Nikamchukua fundi mwingine, mtu mzima mwenye miaka 15 katika kazi. Akavaa miwani yake, akatoa kijiti kikavu kwenye pakiti mpya, akagusa chuma. Kikaganda. Akabandua, akagusa tena. Kikaganda. Nikakaa juu ya tofali.

Ndipo nilipomwita mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa umeme kiwandani. Alipanda kwa pikipiki, mfuko wa zana begani. Kabla hajaketi nikaanza kumsimulia habari za kijana. Akaninyamazisha kwa kiganja. "Usiniambie nani alikuwa akiitumia. Niambie ilianza kufanya nini." Maneno hayo nimeyatafakari kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, Mungu anisamehe.

Alizima umeme kwenye swichi kubwa, si kwenye mashine tu, kisha akaanza na vitu vya karibu na vya bei ndogo. Vijiti kwanza, kwa sababu huku kwetu ukungu hushuka mpaka ndani ya nyumba na kijiti kilichonyonya unyevu husumbua. Vilikuwa vikavu. Akaenda kwenye kibano kinachoshika chuma, akajaribu springi yake, akasugua rangi na kutu mahali kinapouma. Akashika vichwa vya kebo kimoja kimoja kuona kama vinacheza. Kila alipomaliza alisema "siyo hapa," hakusikitika wala hakufurahi. Akawasha tena, akapima mahali nilipopima mimi. 226. Nikasema, "Si unaona?" Akasema, "Haya, sasa achome."

Yule fundi akagusa chuma, na namba ikaanguka hadi 175.

Mzee akaenda kupima ukutani, kwenye mita ya nyumba. Hapo ilikuwa 228 kazi ikiwa imesimama, na 215 kazi ikiendelea. Kwa hiyo volti 40 zilikuwa zikipotea kati ya ukuta wa nyumba na karakana, na kati ya vitu hivyo viwili palikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni waya. Waya ule niliununua mwenyewe. Nilichagua wa milimita za mraba 1.5, wa kuwashia taa, kwa kuwa ulikuwa wa bei nafuu. Nikaupitisha kwa mikono yangu juu ya mti wa mringaringa, na ulipopungua mita chache nikauunganisha na kipande cha waya wa alumini nilichokuwa nacho, nikausokota na kuufunga utepe mweusi. Niliona fahari. Wageni niliwaonyesha.

Mzee akafanya hesabu kwa mkaa juu ya bati. Mita 40 kwenda na mita 40 kurudi, waya wa shaba wa unene ule una ukinzani unaokaribia omu 1. Ampea 30 zikipita, volti 28 hivi zinabaki njiani, na zaidi ya wati 800 zinageuka joto ndani ya waya, kama jiko dogo la umeme lililotandazwa hewani. Kwa waya wa milimita za mraba 6 zingepotea volti 7 tu. Volti zilizobaki ziliishia kwenye kile kiungo changu. Alipokifungua, utepe ulikuwa umeyeyuka na shaba imegeuka nyeusi. Ndiyo maana kijiti kiliganda: msukumo haukutosha kuuwasha moto. Na kijiti kikiganda, mashine inakuwa kwenye shoti, koili inapokea mzigo wa mwisho bila kufanya kazi yoyote.

Ile mita niliyoazima haikunidanganya. Niliiuliza kuna umeme kiasi gani pale ambapo hakuna mtu anayefanya kazi, nayo ikanijibu sawasawa. Waya mwembamba, ukiwa umepumzika, husoma sawa na waya mnene.

"Na kijana naye aliibana," mzee akaongeza akikunja zana. "Alipandisha namba, hakuipumzisha." Nakiri kwamba nililidaka neno hilo kama mtu anayezama anavyodaka unyasi. Kumbe lipo kosa lake! Lakini nilipokuwa namsindikiza mzee hadi barabarani nilikumbuka ni nani aliyemwahidi mteja Jumamosi.

Sasa nirudi kwenye methali niliyomtupia kijana. Mchagua jembe si mkulima. Nimeisikia tangu utotoni, na sijawahi kuisikia ikisemwa na mwenye kulima akimwambia mwenye kununua jembe. Daima husemwa kwa kushuka. Sisemi ni ya uongo; wapo kweli mafundi ambao kila siku wana kisingizio kipya. Nasema ni methali inayofunga uchunguzi kabla haujaanza, na kwa hiyo humfaa zaidi yule ambaye uchunguzi ungemfikia.

Nilipaswa kujua zaidi, kwa kuwa nilizaliwa kwenye mifongo. Maji yasipofika kwenye kihamba cha chini, macho ya kwanza humwangukia jirani wa juu. Yeye ndiye aliye karibu, na jembe lake lina tope. Lakini wazee wa mfongo hawakuanzia kwake. Walipanda nao, hatua kwa hatua, mpaka kwenye banio kule msituni, wakiangalia kingo. Mara ni fuko aliyetoboa ukingo, mara ni jiwe lililoporomoka, mara ni banio lenyewe limebomolewa na mvua. Na mara nyingine, ndiyo, ni jirani kweli, ameiba zamu, naye hutozwa faini. Lakini faini ilikuja baada ya miguu kutembea. Yule mzee wa umeme alipoufuata waya kutoka karakana hadi ukutani alifanya jambo ambalo babu yangu angelitambua mara moja. Mimi nililisahau kwa kuwa kilichopita kwenye waya hakikuonekana.

Huenda hapo ndipo penye ugumu wa vyombo vyetu vya sasa. Wahunzi wa Mamba, upande wa Marangu, ambao zamani walifua mikuki na majembe kwa chuma kilichotoka Ugweno huko Upare, walifanya kazi ambayo hitilafu yake huonekana. Moto ukipungua, rangi ya chuma inasema. Mivuo ikitoboka, sikio linasikia. Mwanafunzi na bwana wake walitazama kitu kimoja. Kwenye umeme, hitilafu iko mita 40 kutoka hapo, juu ya mti, na dalili yake hujitokeza kwenye vidole vya mtu. Anayeonekana ni yule aliyeshika mwisho.

Taiichi Ohno wa Toyota, katika kitabu alichokitoa Japani mwaka 1978, alifundisha kuuliza "kwa nini" mara 5. Mfano wake ni wa mashine iliyosimama. Fyuzi ilikatika kwa kuwa mashine ilizidiwa. Ilizidiwa kwa kuwa beringi haikupata mafuta ya kutosha. Mafuta hayakutosha kwa kuwa pampu haikuvuta sawasawa. Pampu haikuvuta kwa kuwa mhimili wake umelika. Umelika kwa kuwa hapakuwa na chujio la kuzuia mabaki ya chuma. Mpango mzuri, na ukitazama hauna mtu hata mmoja ndani yake. Nilipoujaribu kwa mashine yangu, jibu la mwisho lilikuwa jina langu. Nashuku wakubwa wengi huacha kuhesabu kwenye la tatu.

Lakini je, nilimdhulumu kijana, au nilikosea tu? Swali hili si la kuchezea maneno. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliyatenga madhara ambayo watu hutendeana katika mafungu matatu: yale ya bahati mbaya, ambayo hakuna aliyeweza kuyatazamia, yale ya kosa, ambayo yangeweza kutazamiwa ila hayakukusudiwa kwa ubaya, na yale ya dhuluma, yaliyotendwa kwa kujua. Kwa muda mrefu nilijiweka kwenye fungu la pili na kulala usingizi. Sikujua. Niliamini kabisa kwamba mkono wake ndio mbovu. Ila mwanafalsafa huyo huyo hamwachii mlevi anayesema hakujua alitendalo, kwa sababu kutojua huko alikunywa mwenyewe. Nami nilikuwa nimekunywa. Pombe yangu ilikuwa ile fahari ya waya wangu.

Nikaamua kwenda kuomba radhi. Kwetu Uchagani mtu aliyekosa huchukua jani la isale, mmea ule ule unaootesha mpaka kati ya kihamba na kihamba na unaopandwa penye makaburi, akalipeleka kwa aliyemkosea. Desturi inataka aliyeletewa isale asikatae. Nilitembea nalo mkononi kwenye njia ya migombani nikijiuliza ninabeba nini. Kama hawezi kukataa, basi simwombi; namlazimisha kwa adabu. Mzee mwenye isale ana nguvu kuliko mzee mwenye fimbo. Nilikaribia kulitupa kwenye mfongo. Sikulitupa, kwa sababu kwenda mikono mitupu nako kungekuwa dharau.

Kijana alikuwa anapasua kuni. Aliponiona alisimama akasema, "Shikamoo, Mzee." Nikaitikia marahaba, kwani ningefanyaje? Lugha yetu haina namna ya mzee aliyekosa kutangulia kumwamkia kijana. Nikampa bahasha ya mishahara yake. Akahesabu mbele yangu noti moja moja, akasema imetimia. Nikampa isale. Mama yake ndiye aliyelipokea, akalichomeka ardhini kando ya mlango. Kisha nikaeleza habari za waya, na jinsi tulivyogundua kiungo.

"Kile cha juu ya mringaringa?" akauliza.

"Ndicho."

"Nilikwambia, Mzee. Nilikwambia pale juu panachemka, ukiweka mkono karibu unasikia joto."

Nikakumbuka. Nimeandika hapo juu kwamba kijana alilalamika mashine haina nguvu, na ndivyo nilivyokuwa nikisimulia miaka yote, hata kwangu mwenyewe. Hakusema hivyo tu. Alisema mashine haina nguvu, akanyoosha kidole kuelekea mtini, na methali yangu ikatoka wakati kidole kikiwa bado hewani. Kumbe hesabu ya mkaa juu ya bati haikuhitajika. Jibu lilikuwa limetolewa bure na mtu niliyekuwa nikimlipa, nami nilicheka pamoja na wateja.

Hakurudi kwangu. Mashine nilimwekea waya wa milimita za mraba 6, bila kiungo hata kimoja, na inanguruma mpaka leo mikononi mwa watu wengine. Kijana alipata kazi Boma Ng'ombe, lakini si upesi. Karakana mbili za jirani zilimkataa kwa sababu zilisikia kuwa ni yule aliyeunguza mashine ya mzee. Fedha nilimaliza kuirudisha kwa asubuhi moja. Lile neno nililolitoa katika siku chache za hasira limenishinda kulirudisha. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikaeleza. Nilieleza kwenye kilabu cha mbege, mahali ambapo habari husafiri upesi zaidi. Watu walisikiliza na kutikisa kichwa.

Mwaka 2019 nilikuwa msibani, Uru, nimekaa kwenye benchi na watu nisiowafahamu. Mazungumzo yakawa ya vijana wa siku hizi na kazi zao za haraka. Bwana mmoja akasimulia habari za kijana wa Kibosho aliyeachiwa mashine ya kuchomelea na mzee wa watu, akaiunguza kwa uzembe. Nikamwambia mzee huyo ni mimi, na kijana hakuunguza kitu; waya ulikuwa mwembamba, na waya ulikuwa wangu.

Akanitazama kwa upole, akanishika goti. "Mzee," akasema, "wewe una huruma sana."

Nikasogea karibu naye kwenye benchi, nikaanza kumweleza tena, tangu ukutani kwenye mita.